Meno ya watoto wetu: ku myaka 7 tuangalie, tusihangaike

Kila juma, siku ya kwanza, biro yetu ya sendika inajaa watu tangu asubuhi. Mumoja anakuja juu ya masaa ya nyongeza ambayo hayakulipwa, mwingine juu ya kontra iliyokatwa bila barua, mwingine juu ya buti za kazi zenye kutoboka. Mambo hayo tunayazoea. Lakini mwaka uliopita aliingia baba mumoja, dereva wa zile gari kubwa za kubeba mawe mu karyeri, amemushika mutoto yake wa kike ku mukono. Alimukalisha ku benchi, akamuambia: "Fungua kinywa, ba-delege baone."

Tulicheka kidogo. Sisi si wanganga. Lakini mutoto alifungua kinywa, kisha akauma meno pamoja, na kicheko chetu kikaisha. Alikuwa na myaka 8. Akifunga meno, ya chini yalikuwa yanapita mbele ya meno ya juu, sawa vile droo ya meza iliyobaki wazi. Ku masomo wenzake walikuwa wamemupa jina baya ambalo hatutaliandika hapa. Alizoea kuongea akiweka mukono mbele ya kinywa.

Baba akatosha mu mufuko karatasi ya kliniki ya kampuni. Juu yake kuliandikwa neno moja tu: "esthétique". Maana yake: ni mambo ya urembo, kampuni hailipi.

"Ninauliza tu," baba akasema. "Mutoto hawezi kukata pera na meno ya mbele. Anauma ulimi. Hiyo njo urembo?"

Hatukuwa na jibu. Na tuseme ukweli mbele yenu: kwa myaka mingi, tukiingia mu mazungumuzo na wakubwa wa kampuni, neno "meno" lilikuwa linapita mbio. Tulipigania mushahara, transport, maski za vumbi, malaria, uzazi wa wamama. Meno tulikuwa tunaona ni kitu cha kutosha tu: likiuma, unalitosha, mambo imeisha. Baba ule alitupatia haya. Tukaanza kuuliza, kwa wanganga wa meno, kwa wamama, kwa walimu, na kusoma. Haya njo tuliyoyakuta, na tunayaandika kwa sababu tunajua nyumba nyingi ziko na swali hilo hilo.

Namna meno yanavyoota

Mutoto anapata meno 20 ya maziwa. La kwanza linatoka karibu ya myezi 6, na karibu ya myaka 3 yote yako mu kinywa. Kisha kunakuwa kimya ya myaka tatu hivi.

Karibu ya myaka 6 kunapita jambo moja ambalo wazazi wengi hawalioni. Gego kubwa linaota nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya maziwa. Hakuna jino linaloanguka ili kuliachia nafasi, linatoka tu polepole. Mama analiona, anawaza: "Ni la maziwa, hata likioza, litaanguka." Hapana, mama. Hilo njo la maisha yote. Likitoshwa, hakuna lingine linalongojea chini yake.

Kati ya myaka 6 na 8, meno ya mbele yanaanguka na makubwa yanatoka. Kati ya 9 na 12, magego ya maziwa na chonge vinabadilika. Karibu ya myaka 12, gego kubwa la pili linaota. Yale ya mwisho yanangojea mupaka myaka 17 na kuendelea, na watu wengine hawayapati yote. Mutu mukubwa mwenye meno yake yote anahesabu 32.

Kwa hiyo, kati ya myaka 6 na 12 kinywa cha mutoto kiko na meno ya aina mbili pamoja. Ni kama karyeri ambako timu moja inatoka na ingine inaingia: ule wakati wa kubadilishana njo wakati wa kufungua macho.

Juu ya nini myaka 7?

Shirika la wanganga wa kunyosha meno la Marekani linashauri kila mutoto aangaliwe na munganga wa kazi hiyo kabla ya kupita myaka 7. Kazi hiyo inaitwa ortodonsia. Ku myaka 7 magego makubwa ya kwanza mara mingi yametoka, na meno ya mbele yameanza kubadilika. Munganga anaweza kuona namna taya la juu na la chini yanavyokutana, na kama nafasi itatosha.

Musikilize vizuri: tunasema kuangalia. Hatukusema kuweka waya. Sisi watu wa mines tunajua tofauti. Mbele ya kuleta masini kubwa ya kuchimba, kampuni inatuma watu wa jeoloji watoboe, wachukue mawe kidogo, waangalie. Mara ingine wanasema: chimba. Mara ingine wanasema: ngoja. Na mara ingine wanasema: hapa hakuna kitu, rudia nyumbani. Ku meno ya mutoto ni vile vile. Watoto wengi wanaopelekwa ku myaka 7 wanarudishwa nyumbani na neno moja: "Tutaonana mwaka kesho." Hiyo ni habari njema. Usikasirike kwamba hawakukupatia kitu.

Mambo ambayo hayangojee

Kuna mambo machache ambayo kungojea kunayaharibu. Tuyataje moja moja.

La kwanza ni lile la mutoto wa dereva: meno ya chini kupita mbele ya ya juu. Mara ingine ni jino moja ao mawili tu yaliyonaswa nyuma. Hata moja ni shida, kwa sababu kila mara mutoto akiuma, jino la juu linagonga la chini kutoka nyuma, na fizi ya mbele inaanza kushuka, jino linalika. Mara ingine taya lenyewe la juu njo dogo. Hapo kuna kifaa kinachovaliwa ku uso, chenye kuvuta taya la juu mbele polepole, na kinasaidia zaidi mbele ya myaka 10 hivi. Kisha, mifupa inaanza kukomaa na kazi inakuwa nguvu.

La pili: taya la juu kuwa jembamba. Mutoto akiuma, magego ya juu upande mumoja yanaingia ndani ya ya chini. Ili aweze kutafuna, anasukuma taya lake pembeni. Muangalie kidevu chake: akifungua kinywa kiko katikati, akifunga kinaenda upande. Mutoto akikomaa na taya ya pembeni, uso nao unaweza kukomaa vile. Lakini kaakaa ya mutoto ni mifupa miwili iliyoungana katikati na mushono, na ku utoto mushono huo bado haujafungamana sana. Munganga anaweka kifaa chenye skuru ndogo, na muzazi anazungusha skuru ile na ufunguo kufuatana na maagizo. Taya inapanuka. Ku mutu mukubwa, mara ingine inaomba operasio.

La tatu: meno ya juu kutoka mbele sana, mupaka midomo haifungi juu yake. Shida kubwa hapa ni kuvunjika. Mutoto anaanguka ku mupira, ku kinga, ku ngazi, na meno ya mbele njo yanapokea ardhi. Watafiti wa Cochrane, wale wanaokusanya majaribio ya wanganga wa dunia nzima na kuyapima pamoja, waliandika jambo hilo mu mwaka wa 2018. Walikuta kwamba kurudisha meno hayo mapema kunapunguza hatari ya kuvunjika. Lakini walikuta pia kwamba ku mambo mengine, mutoto aliyeanza mapema na ule aliyengojea ujana wanafika pale pale. Kwa hiyo muzazi aulize: mutoto yangu yuko mu hatari ya kuvunja meno, ao tunaweza kungojea tulipe mara moja tu?

La ine: kidole. Kunyonya kidole ku mutoto mudogo si kosa, na wengi wanaacha wenyewe. Lakini kama meno makubwa ya mbele yanaanza kutoka, na kidole bado kiko mu kinywa kila usiku, meno yanaacha mulango wazi katikati, na taya la juu linaweza kuwa jembamba. Tunajua namna watu wanafanya huku kwetu: pilipili ku kidole, ao kofi. Wanganga wanasema hapana. Mutoto anayenyonya kidole anatafuta utulivu; ukimupiga, atautafuta zaidi. Mupatie sifa kila asubuhi aliyoamuka bila kidole, mupigie alama ku kalendari, muvalishe soksi ku mukono usiku kama yeye mwenyewe anakubali. Na baba anayefanya kazi ya usiku, anayeonana na mutoto mara moja ku juma, naye ajiulize kama mutoto hamutafute.

La tano: mutoto anayepumua na kinywa, muchana na usiku, na kukoroma sana. Mbele ya kufikiri meno, aonwe na munganga wa masikio, pua na koo. Pua ikifunga, meno hayatapona vizuri.

La sita tunaliweka peke yake pale chini, kwa sababu njo linalotuhusu sisi zaidi.

Mambo ambayo yanaweza kungojea

Kamarade mumoja wa atelieri alichukua feza yake ya likelemba, ile aliyongojea myezi mingi, akalipa kifaa cha mutoto yake wa myaka 7. Sababu: kati ya meno mawili makubwa ya juu kulikuwa nafasi. Mutu fulani alimuambia kwamba bila waya mutoto ataharibika. Kisha munganga mwingine akamuambia: "Mungengoja."

Mwanya huo ku myaka 7, 8, 9 ni wa kawaida. Chonge za juu, zikiwa bado mu mufupa, zinasukuma mizizi ya meno ya mbele, na meno yanafunguka sawa vile vidole vya mukono. Chonge zikitoka karibu ya myaka 11 ao 12, mara mingi mwanya unajifunga wenyewe. Na hata ukibaki, tusisahau kwetu: bibi zetu wangapi tuliwachagua juu ya ule mwanya?

Jambo lingine: mama anaamuka asubuhi, anakuta mutoto wa myaka 6 ana mistari mibili ya meno ya chini, ya maziwa mbele na ya makubwa nyuma. Anapiga kelele. Mara mingi hakuna hatari. Mutoto atikise jino la maziwa na kidole safi na ulimi, litaanguka, na ulimi utasukuma lile kubwa mbele. Kama myezi inapita na la maziwa halitikisike hata kidogo, hapo muende ku munganga.

Na meno makubwa yaliyosongamana kidogo ku mutoto wa myaka 8, yakionekana makubwa kupita uso? Uso bado haujafika. Wengi wananyoshwa vizuri ku myaka 11, 12, 13, wakati meno yote yametoka, mara moja tu na kwa bei moja.

Jino la maziwa njo muti wa galeri

Sasa lile la sita. Ndugu zetu wanaofanya kazi chini ya ardhi wanajua miti na vyuma tunavyosimamisha mu galeri ili dari isishuke. Ukitosha muti mbele ya wakati, njia inajifunga. Jino la maziwa, zaidi gego la maziwa, linafanya kazi hiyo hiyo. Linalinda nafasi ya jino kubwa ambalo bado liko mu mufupa. Gego la maziwa linapashwa kukaa mupaka myaka 10, 11, hata 12. Likitoshwa ku myaka 5, gego kubwa la nyuma linateleza mbele, nafasi inajifunga, na jino lile likitaka kutoka, linakuta mulango umefungwa.

Mama mumoja wa kampi alituletea mutoto yake wa kiume wa myaka 12. Chonge yake ilikuwa imetokea juu kabisa mu fizi, sawa mutu aliyekosa kiti. Alituambia: "Alikuwa anauma usiku na usiku. Nilimupeleka, bakatosha magego yote mbili. Nilifurahi, juu alilala. Hakuna mutu aliniambia."

Hakuna mutu aliyemuambia. Hilo njo linatuuma. Kwa sababu kama gego la maziwa linaoza, mara ingine linaweza kuzibwa na kulindwa. Na kama ni lazima kulitosha, munganga anaweza kuweka kifaa kidogo cha kushika nafasi, chuma kinachozuia majirani wasiteleze. Ni kitu kidogo, na bei yake si kitu mbele ya bei ya waya za kesho. Muzazi akipeleka mutoto kutoshwa gego mbele ya myaka 9, aulize neno moja: "Na nafasi, tutailinda namna gani?"

Lakini dawa ya kwanza haipite ku kliniki, inapita ku nyumba. Ortodonsia ya bei ndogo kabisa ni jino la maziwa lisilooza. Biberoni ya chai ya sukari usiku inaharibu meno ya mbele na magego mbele hata mutoto hajaingia masomo. Usiku iwe maji tu. Bonbon, biskuti na maji ya sukari ya chupa, kama mutoto anakula, ale pamoja na chakula, si kidogo kidogo siku nzima. Brosi mara 2 ku siku, na ya usiku njo kubwa. Dawa ya meno iwe na fluori: mbele ya myaka 3, kiasi cha punje ya muchele, kutoka 3 mupaka 6, kiasi cha punje ya pizi. Mutoto ateme, asisukutue sana na maji. Na mupaka myaka 7 ao 8, muzazi ashike brosi mwenyewe, juu mukono wa mutoto haufike nyuma.

Jino likianguka ku mupira

Tunaweka hili hapa kwa sababu linaokoa jino, na ni watu wachache wanaojua. Kama jino kubwa, la kudumu, linatoka lote juu ya kuanguka, ulitafute. Ulishike ku sehemu nyeupe, si ku muzizi. Kama lina udongo, ulipitishe mu maji ao maziwa kidogo tu, usilisugue. Ulirudishe mu shimo lake, mutoto aume kitambaa safi, mukimbie ku munganga. Kama hamuwezi kulirudisha, muliweke mu maziwa. Dakika 30 za kwanza njo za zahabu. Kisha saa moja, matumaini yanapungua sana. Lakini jino la maziwa halirudishwe mu shimo, kwa sababu linaweza kuumiza lile linalolala chini yake.

Kampuni inalipa nini?

Wazee wetu wa Union Minière, na kisha wa Gécamines, walikuwa wanasema kampuni njo baba, njo mama. Posho ilitoka kwake, masomo yalitoka kwake, hospitali ilitoka kwake. Nyakati hizo zimepita. Kati ya mwaka wa 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10 000 wa Gécamines walitoka na ile "départ volontaire", na familia zao zikapoteza hospitali siku moja na kazi. Leo kampuni ni mingi, na chini ya kampuni kubwa kuna ndogo zinazochukua kazi mu sutretansi, na ku hizo ndogo njo tunasikia zaidi: "Wewe hauna kartu ya matunzo."

Lakini sheria iko. Kodi ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inalazimisha mwenye kuajiri kumutunza mufanyakazi na familia yake, na matunzo ya meno yamo ndani. Sheria hiyo haichague kampuni kubwa na kampuni ndogo. Mabishano yanaanza ku neno "urembo". Na ku neno hilo, kampuni haina kosa kila mara: kama mutoto ana meno mazuri yenye kuinama kidogo, si haki kuomba kikapu cha wote kilipe waya zake, wakati mwingine hana kinini.

Kwa hiyo kazi ni kutenga urembo na matunzo, na inchi zingine zimeshafanya kazi hiyo. Uingereza, wanganga wanapima na kipimo cha hatua 5. Hatua ya 4 na ya 5 zinahesabiwa kuwa lazima, na mutoto anatunzwa bila kulipa. Hapo ndani kuna vitu vya kupimwa na rula: kwa mufano, meno ya juu yakipita ya chini na milimeta zaidi ya 6. Ufaransa, bima ya serikali inasaidia kulipa matibabu yaliyoanza mbele mutoto hajatimiza myaka 16, na munganga anaomba ruhusa kwanza. Hawakusema "meno yote ni urembo". Hawakusema pia "tulipe kila kitu". Walipima.

Sasa, ndugu mufanyakazi, kama munganga anaona mutoto yako anahitaji kazi hiyo, fanya hivi.

Muombe munganga wa meno aandike shida ya kazi ya kinywa, si sura. Asiandike tu "meno mabaya". Aandike: mutoto anashindwa kukata chakula, taya linateleza pembeni, jino linagonga fizi, meno yako mu hatari ya kuvunjika. Aandike milimeta kama alipima.

Muulize maswali matano mbele ya kulipa hata franka moja. Ni shida gani hasa? Juu ya nini sasa, si ku myaka 12? Tukingoja, nini itafika? Itachukua myezi mingapi na safari ngapi? Na baada ya hiyo, kutakuwa kazi ingine ya pili? Munganga muzuri hakasirike na maswali hayo. Na kama mutu anataka kuweka waya bila kuangalia kinywa vizuri na bila radio ya meno, simameni, murudie nyumbani.

Kliniki ya kampuni ikikatala, iombe ikatale ku maandishi, na tarehe na sababu. Neno la mudomo tu hatuwezi kulipeleka mahali. Ulete kopi ku delege wako. Na hesabu mapema feza ya njia: wanganga wa ortodonsia ni wachache sana mu inchi yetu, na kutoka Kolwezi mupaka Lubumbashi ni kilometa karibu 300. Kifaa kinachoomba kuangaliwa kila mwezi ni safari kila mwezi. Aliyelipa kifaa akakosa feza ya njia, kifaa kinabaki mu kinywa bila mutu wa kukiangalia, na hapo kinaweza kuharibu.

Mutoto wa dereva

Tulirudi na ile karatasi ya "esthétique" mbele ya munganga wa kampuni. Hatukupiga kelele. Tulimuomba kitu kimoja: amuangalie mutoto akikata kipande cha pera. Mutoto alijaribu mara mbili, kisha akageuza kichwa na kukata na magego ya pembeni, sawa vile anafanyaka kila siku. Munganga alinyamaza, akachukua taa yake, akaangalia tena. Juma lililofuata alimuandikia karatasi ya kwenda Lubumbashi.

Kule, munganga wa ortodonsia alisukuma kidevu cha mutoto nyuma polepole, na meno ya mbele yakakutana ncha kwa ncha. Akamuambia baba kwamba hiyo ni dalili njema: mifupa si mibaya sana, ni meno yaliyonaswa na yanayolazimisha taya kwenda mbele. Alimutengenezea kifaa cha kutosha na kuvaa, chenye waya ndogo za kusukuma. Alikivaa muchana na usiku, myezi 7. Siku zingine alilia. Siku moja alikisahau mu kitambaa cha chakula na mama alikitafuta mu takataka mupaka giza.

Kampuni ililipa kuonwa na radio. Kifaa chenyewe ililipa nusu, na nusu ikakatwa ku mushahara wa baba mara ine. Njia alilipa yeye mwenyewe. Hatuite hiyo ushindi. Na kazi haijaisha: munganga atamuangalia mupaka akomae, kwa sababu taya la chini linakomaa mwisho, na linaweza kujaribu tena. Baba anajua. Alituambia: "Afazali nijue."

Tuliomba pia neno "esthétique" liandikwe vizuri mu mapatano ya kampuni, ile tunaita "convention collective": nini ni urembo, nini ni matunzo, na nani anapima. Hawakukubali, hawakukatala. Walisema watawaza. Mazungumuzo yanayokuja, meno yatakuwa ku karatasi yetu, na safari hii hayatapita mbio. Lakini ili tuongee na nguvu, tunahitaji karatasi. Wale walioandikiwa "hapana" ku meno ya watoto wao, ku kampuni kubwa ao ku sutretansi, walete kopi ku biro.

Na ile juma hii, wababa na wamama, muchukue dakika 2. Mutoto aliye kati ya myaka 6 na 9, mumukalishe mbele ya mwangaza wa dirisha. Aume meno ya nyuma pamoja, mufungue midomo yake na vidole safi. Ya juu yanafunika ya chini? Kidevu kiko katikati? Lile gego la nyuma limetoka, na liko zima? Kama ni ndiyo, mumupatie brosi na mumusifu. Kama ni hapana, musihangaike, musiuze kitu, muende kwanza kuuliza.

Mutoto wa dereva alipita ku biro juma lililopita na baba yake, juu ya mambo ya masaa ya nyongeza. Alikuwa na pera mu mukono. Alilikata na meno ya mbele, akaendelea kutafuna, na hakutuangalia hata kidogo.